Motokaa Katika Vilima vya Buha



Leo nataka kusema nanyi juu ya safari za motokaa katika nchi ya vilima iliyo kaskazini ya Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, nchi ya Waha. Sisemi juu ya barabara kuu, bali juu ya zile njia za udongo zinazoachana nayo, zikapanda migongo ya vilima, zikashuka mabondeni, na mara nyingine zikaishia mlangoni pa mtu. Siku hizi wako watu wapendao kuzifuata njia hizo kwa furaha tu, wakiwa na motokaa zinazoendeshwa kwa magurudumu yote manne, na hema, na chakula cha siku tatu. Hapana ubaya katika jambo hilo, maana mtu kupenda kuijua nchi ni jambo jema. Lakini yafaa tuulizane swali moja kabla ya kuwasha injini. Wengi huuliza, "Je, motokaa yangu itapita?" Swali hilo ni nusu tu. Nusu ya pili ni hii: "Nikiisha kupita, njia itabaki katika hali gani kwa wale watakaoitumia kesho?"

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Uso wa Ziwa Tanganyika u karibu meta 770 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Kigoma mjini na kuelekea Kasulu, wapanda kidogo kidogo hata kufika nchi iliyo zaidi ya meta 1,200, yaani futi 4,000 hivi, yenye baridi ya asubuhi na migomba na maharagwe, na kahawa upande wa Manyovu. Ukiendelea kwenda Kibondo, wapita katika misitu ya miombo ambamo wenyeji hutundika mizinga yao ya nyuki. Mto Malagarasi huanza katika vilima vya mpaka wa Burundi, hugeuka kwenda kusini mashariki hata kuingia katika mabwawa makubwa, kisha hurudi magharibi, hupita Uvinza, na kumimina maji yake ziwani. Kwa hiyo mto huo waizunguka nchi ya Buha kama mshipi, na vijito visivyohesabika huuendea kutoka kila bonde. Maana yake kwa dereva ni kwamba hapana njia ndefu katika nchi hii isiyokutana na maji.

Mvua za huko huanza Oktoba au Novemba na kukoma mnamo Mei. Udongo wake kwa sehemu kubwa ni mwekundu. Wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali. Wakati wa mvua ni kama sabuni iliyolowa. Dereva aliyeipita njia moja mwezi wa Agosti akaiona nyepesi, asijisifu kwamba aijua. Aijua njia ya Agosti tu. Ile ya Machi hajaiona.

Wazee wa zamani walilifahamu jambo hili vizuri sana. Kule Uvinza ziko chemchemi za maji ya chumvi, na wachunguzi wa mambo ya kale wamepata dalili kwamba watu wamepika chumvi huko kwa zaidi ya miaka 1,000. Watu walikwenda kutoka Buha na nchi nyingine, tena walikwenda kiangazi, mito ikiwa imepungua na njia zimekauka. Hawakwenda masika ili kuonyesha ushujaa. Hao walikuwa na haja kubwa, maana chumvi ni uhai, na hata hivyo walingoja majira. Itakuwaje basi sisi, ambao haja yetu ni kutembea tu, tushindwe kungoja?

Tena njia za Buha zilikuwa na wenyewe tangu hapo. Henry Morton Stanley, alipopita nchi hiyo mwaka 1871 akienda Ujiji kumtafuta Dr. Livingstone, alitozwa hongo ya nguo na watawala mmoja baada ya mwingine, hata mwisho akaamua kuondoka usiku kwa siri, akiongozwa na mtu aliyezijua njia za porini. Wengi husoma habari hiyo wakawacheka wale watawala kwa tamaa yao. Lakini tukiitazama kwa upande wa pili, twaona wazo lenye haki ndani yake: kwamba njia haikujifanya yenyewe, na ya kuwa mgeni apitaye katika nchi ya watu ana deni kwao. Hongo imekwisha, wala haifai irudi. Deni halikwisha.

Sasa nije kwenye motokaa. Kwa miaka mingi magari ya kawaida hayakuweza kwenda mbali na barabara, na mtu wa Buha aliyetaka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge alitembea kwa miguu hata kufika penye reli, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Kisha yakaja magari ya namna nyingine. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na mwaka 1951 Toyota ilitengeneza gari lililokuja kuitwa Land Cruiser. Katika magari haya injini huweza kuyasukuma magurudumu yote manne pamoja, tena yana gia ndogo ambazo huyazungusha polepole kwa nguvu nyingi. Yamewafaa sana waganga, mabwana shamba, na polisi. Lakini angalieni: gari linaloweza kupita matopeni laweza pia kuyachimba. Nguvu ile ile inayokutoa shimoni ndiyo inayolifanya shimo kuwa kubwa zaidi kwa ajili ya mwenzako.

Nitaeleza namna jambo hili linavyokuwa, kwa kuwa wengi hawalifikiri. Njia ya udongo iliyotengenezwa vema imeinuka kidogo katikati, na kando zake mna mifereji. Mvua ikinyesha, maji huteremka kutoka katikati kwenda mferejini, na uso wa njia hukauka upesi. Sasa motokaa yenye uzito wa tani mbili au tatu ikipita udongo ukiwa umelowa, magurudumu huzama na kuacha nyuma yake mifuo miwili mirefu, kama iliyopigwa kwa jembe la ng'ombe. Mvua ya pili ikija, maji hayaendi tena mferejini. Hufuata ile mifuo kuteremka kilima, yakichukua udongo pamoja nayo. Kila mvua huongeza kina. Baada ya majuma machache palipokuwa na alama za tairi pana korongo. Kiangazi kikifika, kingo zake hukauka na kuwa ngumu kama mawe, na njia hubaki hivyo mpaka greda lije, au mpaka wanakijiji wachukue majembe yao.

Nani hudhurika? Si yule mgeni, maana amekwisha kurudi mjini. Hudhurika mtu wa baiskeli aliyefunga gunia la maharagwe kupeleka sokoni, ambaye gurudumu lake likiingia katika mfuo ule haliwezi kutoka ila kwa kuanguka. Hudhurika watoto waendao shule. Zaidi ya wote hudhurika mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa usiku, ambaye gari la wagonjwa haliwezi kumfikia, akapakiwa juu ya pikipiki ili apelekwe hospitali Kasulu au Kibondo. Yule kijana wa pikipiki akiteleza na kumwangusha mama yule, watu watasema amefanya uzembe. Pengine si uzembe wake hata kidogo. Pengine ni furaha ya mtu aliyepita Jumamosi wakati wa mvua, akacheka sana matope yaliporuka mpaka madirishani.

Yupo atakayenijibu, "Mbona malori ya mahindi hupita masika, wala huyasemi?" Ni kweli hupita, na huharibu. Lakini lori la mahindi limebeba chakula cha watu na fedha ya mkulima. Apitaye kwa haja na apitaye kwa furaha hawalingani. Mwenye haja tutamvumilia na kumsaidia. Mwenye furaha yampasa aitafute furaha yake pasipo kumwumiza mtu.

Mwingine atasema, "Siku hizi nchi imetiwa lami, maneno hayo yamepitwa na wakati." Ni kweli kwamba mambo yamebadilika sana. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kukopesha fedha za kutia lami njia ya kutoka Kabingo, kupita Kibondo na Kasulu, hata Manyovu mpakani, kilometa zipatazo 260. Zamani safari ya barabara kuu hiyo ilikuwa jaribio kubwa. Kwa miaka mingi mabasi yalipita kwa kusindikizwa na askari wenye silaha kwa sababu ya wanyang'anyi, na masika lori liliweza kulala njiani siku nyingi. Lakini lami haikuondoa jambo ninalolisema, ila imelisogeza kando. Watafutao njia ngumu wameiacha barabara kuu, wakageukia zile ndogo za kwenda Heru Juu, palipokuwa na makao ya Bami wa Heru, au za upande wa Mabamba, au za kuelekea mabwawa ya mashariki. Njia hizo ndizo zenye udongo mtupu, na ndizo ambazo mwanakijiji hana nyingine badala yake. Tangu mwaka 2017 njia za vijijini zimewekwa chini ya TARURA, na barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Lakini hakuna idara duniani iwezayo kupeleka greda kila kilima kila baada ya mvua.

Basi, mtu atakaye kwenda, na aende namna gani? Nitataja mambo sita.

La kwanza ni majira. Nenda kati ya Juni na Septemba. Mvua ikikukuta njiani nje ya majira, simama mahali pagumu ungoje. Katika vilima vile jua la saa chache laweza kuukausha uso wa njia. Kungoja nusu siku si kushindwa.

La pili ni kuuliza, na kuuliza kwenyewe kuna adabu yake. Usimwite mtu kwa honi, wala usitoe kichwa dirishani na kupiga kelele. Zima injini, shuka, salimu kwanza. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Mkiisha kujuliana hali, ndipo uulize. Wala usiulize, "Je, njia hii yapita?" maana kwa mtembea kwa miguu kila njia yapita, na mtu mwenye heshima hapendi kumvunja mgeni moyo. Uliza hivi: "Gari la mwisho lilipita hapa lini, nalo lilikuwa la namna gani?" Ukijibiwa kwamba lilikuwa lori juma lililopita, waweza kwenda. Ukijibiwa kwamba ni pikipiki tu tangu daraja lilipovunjika, umekwisha kuokoa siku nzima kwa maneno machache. Kuuliza si ujinga.

La tatu ni maji. Ukifika kijitoni, shuka uangalie wenyeji wanavukia wapi. Kama maji ni kidogo na wenyeji wasema hayana hatari ya mamba wala kiboko, mtu mmoja na avuke kwanza kwa miguu akiwa na fimbo, apime kina na ugumu wa chini. Mahali ambapo mtu hawezi kusimama kwa nguvu ya maji, motokaa isipite. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimeta 30 yaweza kuisukuma motokaa ndogo, na yenye sentimeta 60 yaweza kuichukua hata kubwa. Tena maji yakivutwa ndani ya injini huiua mara moja, kwa sababu hayakubali kubanwa kama hewa, na vyuma vinavyoshika pistoni hupinda. Daraja la magogo nalo likaguliwe kwa macho na kwa miguu, na abiria washuke kabla gari halijapanda juu yake.

La nne ni vilima. Chagua gia ndogo ukiwa bado chini au ukiwa bado juu, si katikati ya mteremko. Kushuka, iache injini ikushikie gari. Ukitegemea breki peke yake zitapata moto na kukosa nguvu. Kupanda, magurudumu yakianza kuzunguka bure, ondoa mguu. Hapo ndipo njia huharibika, na hapo ndipo dereva mzuri hutambulikana. Yule mbaya hukanyaga zaidi. Mzuri hurudi nyuma taratibu, hushuka, hutia mawe chini ya magurudumu, au hupunguza upepo wa tairi, tuseme kutoka ratili 35 hadi 25, ili tairi ilale pana na kushika udongo pasipo kuuchimba. Lakini awe na pampu ya kurudisha upepo huo kabla ya kwenda mbio tena. Ikiwa lazima kuvutwa kwa kamba ya chuma, watu wote wakae mbali, maana kamba ikikatika huruka kama nyoka na yaweza kumwua mtu. Nayo isifungwe kwenye mti wa watu pasipo kitambaa kipana cha kulinda gome lake.

La tano ni mambo ya kiangazi. Majani makavu hukwama chini ya gari karibu na bomba la moshi, ambalo ni la moto sana, nayo huweza kuwaka. Angalia chini ya gari kila mara, wala usisimame juu ya majani marefu. Moto mmoja waweza kuteketeza mizinga ya mtu ya miaka mingi. Katika misitu ya miombo wako mbung'o, ambao hufuata gari liendalo na hupenda rangi nyeusi na ya samawati. Ndio wanaoleta malale, ugonjwa ambao katika miaka ya 1930 ulifanya watu wengi wa nchi hiyo wahamishwe na kukusanywa katika makao mapya. Vaa nguo za rangi hafifu na ufunge madirisha.

La sita ni mipaka na ruhusa. Nchi hiyo ni jirani ya Burundi, na mara nyingi imepokea wakimbizi, kama mwaka 1972, na 1993, na 2015. Kambi ya Nyarugusu, upande wa Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo. Kambi za wakimbizi si mahali pa matembezi. Mgeni haingii pasipo kibali cha Serikali, na watu wenye msiba si tamasha la kutazamwa. Kadhalika Pori la Akiba la Moyowosi lina sheria zake na askari wake. Nawe ukivuka mpaka pale Manyovu, kumbuka kwamba huku twaendesha kushoto na Burundi huendesha kulia. Popote utakapolala, mwone kwanza mwenyekiti wa kijiji ukamweleze umetoka wapi na wakwenda wapi. Wala usisafiri usiku. Akujuaye ndiye atakayekutafuta usipoonekana.

Hayo sita ni ya kujilinda na ya kuilinda njia. Limebaki moja, nalo ni la kulipa deni. Vyombo vya safari ni vingi: jeki, spana, kamba, dawa, maji ya kunywa, petroli ya akiba ya kutosha, maana gia ndogo hunywa sana. Mimi nataka muongeze jembe na karai. Ukiharibu mahali, usiondoke kabla hujapatengeneza. Jaza mfuo kwa mawe na changarawe, wala si kwa matope. Kata mfereji mdogo wa kuyatoa maji kando. Ni kazi ya nusu saa kwa watu wanne. Wanakijiji wakiwaona watashangaa kwanza, kisha watakuja kuwasaidia. Nunueni asali yao na kahawa yao na maharagwe yao kwa bei ya haki, hapo hapo kijijini. Njia iliyowapa mapato wataipenda, na mgeni aliyeitengeneza watampokea mwaka ujao kwa jina lake.

Na ikiwa njia imekataa kabisa, rudi. Najua kwamba neno hili ni gumu kwa mwenye motokaa ya thamani kubwa, mwenye marafiki wanaomtazama nyuma. Lakini kilima hakihami. Kilikuwapo kabla ya gurudumu la kwanza kufika, na mwezi wa Julai kitakuwa pale pale, kikavu, kikikungoja. Mama aliye juu ya pikipiki hawezi kungoja mpaka Julai. Kwa ajili yake mwachie njia.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa wasafiri wa motokaa katika vilima vya Buha nasema jembe na lipakiwe siku ya kwanza.

Muda wangu umekwisha. Nawatakia safari njema. Kwaherini.